Jambula Tree na Rafiki: hadithi inaanzia pale filamu inapoishia

#1 Msomaji wa Mwenge

Wakuu, salaam.

Kila filamu ya Rafiki ya Mkenya Wanuri Kahiu ikitajwa humu, hatufiki ukurasa wa pili tumeshahamia kwenye Bodi ya filamu ya Kenya iliyoipiga marufuku, mahakama na maadili, kisha wasimamizi wanaufunga uzi. Leo naomba twende njia nyingine. Tuiweke filamu pembeni ya hadithi fupi iliyoizaa, tuone kilibaki nini na kilitupwa nini njiani.

Hadithi ni "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko, Mganda wa Kitgum. Ilitoka 2006 kwenye kitabu African Love Stories alichokihariri marehemu Ama Ata Aidoo wa Ghana, na 2007 ikampa mwandishi Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika. Hakuna Mganda aliyekuwa ameipata kabla yake. Ni fupi kweli, unaimaliza kwenye daladala kati ya Mbezi na Posta, foleni ikiwepo unairudia.

Kisa cha msingi ni kimoja. Wasichana wawili wa mtaa mmoja wanapendana, jirani aitwaye Mama Atim anawakuta, mtaa unapata la kusema, mmoja anapelekwa London na mwenzake anabaki. Kwenye hadithi ni Sanyu na Anyango, na mtaa ni Nakawa, Kampala, zile nyumba za serikali. Kwenye filamu ya 2018 ni Ziki na Kena, na mtaa unaitwa Slopes, Nairobi. Majina yote yamebadilika ila la Mama Atim. Yeye kavuka mpaka na jina lake.

Sasa hoja yangu. Hadithi inaanza na Anyango akimwambia Sanyu kwamba amesikia habari za kurudi kwake kutoka kwa Mama Atim, jirani. Hapo hapo, mstari wa kwanza. Kwenye filamu pia Kena anazipata habari za kurudi kwa Ziki kutoka kwa Mama Atim, lakini hizo ni dakika za mwisho mwisho, tayari umeanza kutafuta viatu vyako chini ya kiti. Mlango wa kuingilia hadithi ndio mlango wa kutokea filamu.

Mtu anaweza kusema huo ni mpangilio tu wa matukio. Kwangu mimi tofauti zote nyingine zinatoka hapo. Ukisoma hadithi unajua mapema kwamba mambo yalishaharibika zamani, kwa hiyo hukai roho juu ukisubiri watakamatwa lini. Unabaki na swali gumu zaidi: mtu anaishije miaka yote hiyo katika mtaa uleule, na majirani walewale wanaojua? Anyango hakwenda popote. Alikua, akawa nesi, akaendelea kuishi chini ya macho ya Mama Atim. Tena hatuambii sisi, anamwambia Sanyu. Hadithi nzima ni "wewe", "wewe", "wewe", na msomaji anajiona kama anasoma barua isiyo yake.

Filamu inanyoosha mambo. Tunamwona Kena akiteleza na ubao wake, akicheza mpira na wavulana, akikaa kijiweni na Blacksta wa bodaboda, anamsaidia baba yake dukani. Anamwona Ziki na zile rasta za rangi. Wanazoeana. Na kwa kuwa tunaifahamu mitaa yetu, kila dakika tamu inakuja na tumbo joto, maana tunajua kuna watu wanaangalia.

Msimamo wangu: hadithi ina uzito kuliko filamu, kwa sababu inahusu kubaki, na kubaki ndiko kukua kwenyewe. Filamu inahusu siku ya kukamatwa. Lakini filamu ina vitu ambavyo hadithi haina, nitavisema mkinichokoza.

Nawasilisha.

#2 Ngong Road Kwa Mguu

Boss, uzi safi, lakini hapo mwisho umetupoteza.

Unataka filamu ifanye nini? Iweke sauti ya mwanamke anaongea dakika themanini juu ya picha za mtaa? Watu wangetoka ukumbini kabla ya mapumziko. "Wewe" ya kwenye karatasi inakushika kwa sababu uko peke yako na ile karatasi. Kwenye skrini kubwa huwezi kuwa peke yako, umekaa na watu, na wale watu wanacheka na kuguna.

Kahiu na mwandishi mwenzake Jenna Bass walifanya kitu cha maana zaidi, wakaachia kazi nyuso. Samantha Mugatsia, anayemwigiza Kena, hakuwa amewahi kuigiza, alikuwa mpiga ngoma. Muangalie anapomuona Ziki akicheza na wenzake kule mtaani. Hasemi neno. Anyango anahitaji aya nzima kueleza kile, na Mugatsia anamaliza na jicho. Si bure alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu za Afrika, FESPACO 2019, kule Ouagadougou.

Na mimi niliiona kwenye sinema ya Prestige hapa Nairobi, ile wiki moja ya Septemba 2018 ambayo Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu ionyeshwe kwa watu wazima ili iweze kutimiza sharti la Oscar. Tiketi za jioni zilikuwa zimeisha, tukaingia mchana. Ule wimbo wa Muthoni Drummer Queen ulipoanza na zile rangi zote za mwanzo, ukumbi mzima ulikuwa unatingisha kichwa. Hadithi haiwezi kukupa hiyo, ata ukiisoma kwa sauti.

#3 Kiti Moto cha Nyuma

Naweka kambi hapa. Leteni mkeka.

#4 Mzee wa Busara

Vijana mnajadili uzuri wa kitanzi. Hii filamu ilipigwa marufuku na Wakenya wenyewe, pesa zake zimetoka Ulaya, na nyie mnatuletea "jicho la Mugatsia". Kwanini hawa wafadhili hawatoi pesa kwa filamu ya mkulima wa korosho?

#5 Msomaji wa Mwenge

Mzee wangu shikamoo. Pesa za Ulaya zilikuwemo, hilo halina ubishi, na kwa bahati mbaya filamu nyingi kubwa za bara hili zinapita njia hiyo, hata zile zinazohusu wakulima. Lakini uzi huu ni wa hadithi na filamu, na hadithi haikuandikwa kwa pesa ya filamu. Aliiandika binti wa Kitgum, ikachaguliwa na bibi wa Ghana kuingia kwenye kitabu cha hadithi za mapenzi za wanawake wa Kiafrika, miaka 12 kabla ya filamu. Ukiwa na la kusema juu ya hadithi yenyewe karibu sana, hata ukiiponda.

Ngong Road, hoja yako ya nyuso naipokea nusu. Jicho la Mugatsia linatuambia Kena anahisi nini sasa hivi. Haliwezi kutuambia anakihisije kitu hicho baada ya miaka. Hadithi inafanya yote mawili kwa pamoja: msichana anayependa na mwanamke anayekumbuka wako kwenye sentensi moja.

#6 Binti Naguru

Habari zenu. Mimi ni Mganda, niko Arusha kikazi, Kiswahili changu mnisamehe.

Nimekulia Naguru, jirani kabisa na Nakawa. Nataka kuwaambia kitu ambacho wasomaji wa nje hawakijui. Ile mitaa ya kwenye hadithi haipo tena. Nyumba za Nakawa na Naguru zilijengwa enzi za Mwingereza, na Julai 2011 watu waliondolewa na nyumba zikabomolewa, eneo akapewa mwekezaji ajenge mji mpya. Ardhi ikakaa miaka inaota majani. Kwa hiyo hadithi ya 2006 inaeleza mtaa uliokuwa bado unasimama, ukiwa na kila mtu anayejua kila kitu cha kila mtu, na leo huwezi kwenda kuuona.

Kwangu hilo limeibadilisha hadithi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa shule, niliona ni habari ya wasichana wawili. Nilipoisoma baada ya ubomoaji niliona ni habari ya nyumba zilizobanana mpaka kukohoa kwako jirani anakusikia. Mama Atim hana haja ya kupeleleza. Ukuta unamletea habari.

Ndiyo maana filamu ilinipa shida kidogo. Slopes ni nzuri mno. Ina rangi, ina upepo, kuna paa ambalo Kena na Ziki wanapanda na kukaa wakitazama mtaa huko chini, na ndipo wanapoapa hawatakuwa kama wale watu wa chini, wao watakuwa kitu cha kweli. Nakawa ya kwenye hadithi sikuona mtu akitazama kutoka juu. Wote tulikuwa chini.

#7 Rangi Tatu

Binti Naguru umenikumbusha. Mti umekwenda wapi?

Hadithi ina jina la mti. Walikutwa chini ya mzambarau. Filamu imeufuta mti na badala yake kuna ile kombi mbovu imeegeshwa kwenye majani, wanaingia humo kujificha. Lakini angalieni rasta za Ziki, waridi na zambarau. Angalieni zile taa za ukumbini wakicheza wamepakwa rangi usoni. Filamu nzima ina rangi ya ulimi wa mtoto aliyekula zambarau. Mimi nasema mti haukutupwa, umesagwa ukawa rangi.

#8 Ngong Road Kwa Mguu

😂😂 Rangi Tatu, wewe ungepewa digrii bure. Kahiu ana msimamo wake anauita AfroBubbleGum, kwamba sanaa ya Kiafrika iwe na furaha na ukali na hata upuuzi kidogo, isiwe vita na njaa tu. Rangi zinatoka huko. Angetengeneza filamu ya mbuzi ingekuwa na waridi pia.

#9 Rangi Tatu

Sawa, lakini kwanini zambarau na siyo machungwa? Nauliza tu.

#10 Msomaji wa Mwenge

Suala la rangi mimi nasimama katikati, sina ushahidi kama alikusudia. Suala la kombi ndilo linalonikera na kunifurahisha kwa pamoja.

Mti uko wazi. Hauna mlango. Wasichana wa kwenye hadithi wako nje, usiku, mahali ambapo mtaa mzima unapita mchana. Kuna ujasiri fulani hapo, au ujinga wa utoto, na hadithi haikulazimishi uchague. Kombi ni kitu kingine. Kombi ni maficho. Ina mlango unaofungwa, ina pazia, wanaipamba inakuwa kama nyumba yao ndogo. Na maficho yenye mlango mmoja ni mtego: Mama Atim na binti yake Nduta wanapowakuta hakuna pa kutokea, kundi linakuja, wanapigwa, halafu polisi badala ya kuwalinda wanawakejeli.

Hilo kundi halimo kwenye hadithi. Naomba waliosoma wathibitishe, lakini mimi nikiisoma naona silaha ya Nakawa ni midomo. Filamu imeweka mikono na mateke juu ya midomo. Mtazamaji akishaona damu anapumua, anasema "wale ni washenzi, mimi sikumpiga mtu". Kwenye hadithi huna pa kuponea, maana nani kati yetu hajawahi kupokea umbea na kuupeleka nyumba ya pili?

#11 Shangazi wa Chumbageni

Wanangu, nimewasoma kimya kimya, sasa na mimi nitie neno.

Huyo Mama Atim mnamsema kama shetani. Mimi namjua. Kila mtaa unaye na mara nyingine tumekuwa sisi. Kwenye hiyo filamu kapewa kibanda, anauza chakula na soda, vijana wanakaa kwake, anaona nani kapita na nani. Huyo mama aliyemwigiza, Muthoni Gathecha, kaniua. Ile namna ya kuangalia mtu kutoka miguuni kwenda juu, huku mkono unaendelea na kazi! Hakufundishwa shuleni ile.

Ila kuna kitu filamu imempa kinachompunguza. Imempa binti, Nduta, na Nduta anamtaka Blacksta, na Blacksta macho yake yako kwa Kena. Basi chuki ikapata sababu. Mimi kwa umri wangu nawaambia mmbea wa kweli hahitaji sababu. Yule wa kwenye hadithi ndiye wa kuogopwa, kwa sababu hana anachogombea na yule msichana. Anasema tu kwa kuwa kuna la kusema.

Na jambo lingine. Mwandishi kafanya kitu cha kikatili sana pale mwanzo. Habari njema kuliko zote alizongoja Anyango, kwamba mwenzake anarudi, kaziweka kwenye mdomo wa yule yule aliyemharibia. Filamu imelibakiza hilo na nawapa hongera. Mama Atim yuko kitandani hospitali, bado ana sumu, na anayemhudumia ni Kena. Nilisimamisha video nikaenda kunywa maji.

#12 Binti Naguru

Shangazi shikamoo. Hilo la hospitali ndilo nilitaka kulisema.

Anyango ni nesi. Kwenye hadithi kuwa nesi ni ushindi, katoka kwenye nyumba zile zile na amevaa nyeupe. Filamu inalichukua hilo na kulijibu. Kena anasema anataka kuwa nesi, na Ziki anamuuliza kwanini asiwe daktari. Kumbe alama zake zinamruhusu. Mimi nilihisi pale filamu inazungumza na hadithi moja kwa moja, kama mdogo anamwambia dada yake "hukujua unaweza kutaka zaidi".

Sijui kama nalipenda. Nesi anashinda na mtu usiku kucha, anamgeuza, anamwosha. Mama Atim kuguswa na mikono ya Anyango nesi ingekuwa adhabu kubwa zaidi kuliko kuandikiwa dawa na daktari.

#13 Mzee wa Busara

Marahaba kijana wa Mwenge, nilichelewa kuitikia.

Nimeitafuta hiyo hadithi nikaisoma, ili msiseme Mzee anaponda asichokijua. Msimamo wangu juu ya maadili uko palepale. Ila nitasema hivi: huyo binti anajua kuandika. Hakuna matusi, hakuna kelele. Na nimeona kwamba hakuna mzazi aliyekaa na watoto hao akawauliza kitu. Mmoja kapakiwa ndege. Sisi wazee ndivyo tunavyofanya, tatizo tunalipeleka kwa shangazi yake au Ulaya kama pesa ipo, tunaliita limeisha.

#14 Kiti Moto cha Nyuma

Mzee umenishangaza. Naongeza mkeka.

#15 Msomaji wa Mwenge

Mzee, kwa heshima yote, umegusa pale ambapo filamu inaizidi hadithi. Ndiyo ile nilisema mnichokoze.

Mwaura, baba yake Kena, aliyeigizwa na Jimmy Gathu. Wazazi wa wasichana wote wawili wanagombea kiti kilekile cha bunge la kaunti, Mwaura huku na Okemi kule, mwenye pesa zaidi. Nilipoona mabango ya kampeni dakika za mwanzo nilisema basi, wameleta Romeo na Juliet wa Githurai, wasichana wameshindwa kutosha peke yao mpaka kuongezewa siasa. Na bado nasema sehemu kubwa ya kampeni ingeweza kukatwa bila hasara.

Lakini kampeni inamweka Mwaura kwenye kona. Si mtakatifu huyu baba. Kamwacha mama yake Kena, ana mke mdogo mwenye mimba, na hakuwa hata na ujasiri wa kumwambia binti yake mwenyewe. Kena kazisikia habari hizo mtaani kama kila mtu. Halafu mtihani unapokuja, binti kapigwa, jina la familia liko kwenye kila mdomo, uchaguzi uko hatarini, mtu huyu dhaifu anasimama upande wa mwanaye. Mama, Mercy, aliyeachwa na asiye na kosa, ndiye anayempeleka Kena kanisani aombewe atolewe pepo. Hapo Kahiu kanishinda. Kachukua mzazi mbaya akampa tendo jema, kachukua mzazi mwema akampa hofu. Nini Wacera anacheza ile hofu vizuri kiasi kwamba huwezi kumchukia Mercy. Mwanamke kabakiwa na kanisa tu, na sasa hata kanisani watamwangalia.

Hadithi haina mtu wa namna hii. Haina nafasi, sauti ni moja. Ni gharama ya kuandika "wewe" mwanzo mpaka mwisho: kila mwingine anakuwa kivuli.

#16 Ngong Road Kwa Mguu

Hatimaye umekuja upande wetu. Romeo na Juliet wa Githurai, hiyo nimeiba.

Acha niongeze la mwisho wa filamu, kwa sababu watu hawajui lilikuwa na thamani gani. Kahiu ameeleza hadharani kwamba Bodi, wakati ule chini ya Ezekiel Mutua, haikuwa na shida kubwa na lililo katikati. Shida ilikuwa mwisho. Waliona una matumaini mno, walitaka Kena aonekane anajuta. Angeubadilisha, filamu ingepewa daraja la watu wazima na kuonyeshwa. Akakataa. Ikapigwa marufuku Aprili 2018, siku chache kabla ya kuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa.

Sasa linganisha na hoja yako ya mlango. Unasema hadithi ni nzito kwa sababu inaanza na kurudi. Lakini Anyango anamaliza hadithi akiwa bado anangoja. Kena anamaliza na jina lake likiitwa na mkono begani. Hatuuoni uso, tunauona mkono. Kuna mtu alipoteza soko la nyumbani kwa ajili ya ule mkono. Usiniambie mwenye ujasiri ni hadithi.

#17 Msomaji wa Mwenge

Ujasiri wa msanii ni kitu kimoja, nguvu ya kazi ni kingine. Nampa Kahiu heshima yake yote kwa kutobadilisha. Angeweka Kena anayejuta tungekuwa na filamu ya uongo, kwa kuwa hakuna kitu kilichotangulia kinachoelekea huko.

Ila ule mkono kama mtazamaji niliuona unanibembeleza. Nimeshapitishwa kwenye kipigo, kanisa, polisi, na sasa napewa pipi. Kwenye hadithi Anyango hajui Sanyu anarudi akiwa nani. London imemfanyaje? Atamkumbuka? Atashuka na mume? Miaka imepita. Msichana aliyeondoka si mwanamke atakayeshuka kwenye ndege, na Anyango anaongea na yule wa zamani kwa sababu ndiye pekee anayemjua. Filamu inarudisha msichana yuleyule.

#18 Rangi Tatu

Inarudisha mkono. Wewe ndiye umemwekea msichana yuleyule.

#19 Shangazi wa Chumbageni

Hapo kakupiga, mwanangu.

#20 Kijana wa Kisauni

Wakubwa, nimechelewa, niulize. Hii habari ya filamu kunyoosha hadithi si ndiyo kawaida? Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, nayo imechukua riwaya ya Adam Shafi na kuikata sana. Riwaya ina watu kibao na mizunguko Unguja mpaka Dar, filamu imebaki na Yasmini na Denge na mapambano dhidi ya Mwingereza. Mbona huko hatulalamiki?

#21 Msomaji wa Mwenge

Tunalalamika, ila uzi wake ni mwingine 😄. Tofauti ni kwamba riwaya ni lazima ukate, haina njia. Hadithi fupi ni lazima uongeze. Shivji alikuwa na nyama nyingi kuliko sufuria. Kahiu na Bass walikuwa na sauti moja na kurasa chache, ikabidi watafute uchaguzi, kanisa, bodaboda, Nduta, baba, mke mdogo, yule kijana Tom anayetukanwa na mtaa na hajibu. Kwa hiyo kwenye riwaya unahukumu alichoacha, kwenye hadithi fupi unahukumu alichobuni.

Na katika alivyobuni, Tom ndiye bora. Karibu haongei filamu nzima. Tunamwona akipita, vijana wanamkejeli, Kena yumo kwenye kundi na hasemi kitu. Baadaye, Kena akishapigwa, Tom anakuja kukaa karibu naye kimya. Hakuna hotuba. Kena hakuwahi kumtetea, na yeye kaja kukaa. Hicho kipande kingeingia kwenye hadithi ya Arac de Nyeko bila kubadilishwa nukta.

#22 Binti Naguru

Nakubaliana juu ya Tom. Na naona ndiye Anyango wa kweli kwenye filamu ile. Yeye ndiye aliyebaki mtaani na kila mtu anajua.

#23 Msomaji wa Mwenge

Sikuwa nimeliona hilo. Niache nilale nalo.

#24 Ngong Road Kwa Mguu

Binti Naguru, hiyo ingekuwa post namba moja.

#25 Kijana wa Kisauni

Sijaona wala kusoma, nianze na ipi?

#26 Shangazi wa Chumbageni

Anza na filamu, mwanangu. Ukianza na hadithi utakaa unamsubiri Mama Atim tangu mwanzo na hutamwona Jimmy Gathu anavyofanya kazi. Ukimaliza, soma hadithi usiku huohuo.

#27 Mzee wa Busara

Mimi nasema aanze na hadithi na aishie hapo.